Maswali ya Wasomaji: Chanjo ya Malaria na Hesabu ya Watoto Waliosalia Hai

Toleo lililopita lilibeba habari fupi kwamba chanjo dhidi ya malaria sasa inatolewa kwa watoto katika nchi zaidi ya 20 za Afrika. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na kwa kuwa karibu zote zilitaka kujua kama faida ya chanjo hizi inalingana na sifa zake, ukurasa mzima wa leo umetengwa kwa ajili hiyo.

Swali: Ndugu Mhariri, pole na majukumu. Ninafundisha sayansi katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba chanjo ya kwanza ya malaria ilikinga kwa asilimia 36 tu, nao wananiuliza kwa nini watoto wetu wapewe chanjo inayoshindwa mara nyingi kuliko inavyofaulu, ilhali ya surua hukinga karibu kila mtoto. Niwajibu nini? – *Mwalimu, Mwanza*

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri, na jibu linaanzia kwenye maana ya hiyo asilimia 36 yenyewe. Imetokana na majaribio makubwa ya chanjo iitwayo RTS,S, yaliyofanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo kupitia vituo vya Bagamoyo na Korogwe, na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000. Watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, walipatwa na malaria kwa asilimia 36 pungufu ya wenzao wasiochanjwa katika miaka minne hivi ya ufuatiliaji. Hii haina maana kwamba watoto 36 kati ya 100 walikingwa kabisa na 64 waliosalia hawakupata kitu. Surua humpata mtu mara moja maishani, lakini mtoto anayeishi mahali penye mbu wengi anaweza kuugua malaria mara mbili, mara tatu au zaidi kwa mwaka mmoja, na kazi ya chanjo ni kupunguza mara hizo. Ndiyo maana watafiti walipoacha asilimia na kuhesabu matukio ya ugonjwa, walikuta kwamba kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, matukio 1,774 ya malaria yalizuiwa katika muda huo. Idadi ya matukio yaliyozuiwa inazidi idadi ya watoto wenyewe.

Tukio moja la malaria kali, kwa wale ambao hawajaliona kwa karibu, ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyeamka na homa asubuhi, akapata degedege jioni, akafikishwa hospitali usiku kwa pikipiki akiwa viganja na ndani ya kope vimepauka kwa upungufu wa damu. Muuguzi anatafuta mshipa mdogo wa kutundikia dripu huku mama akimshikilia mtoto, na mtu mwingine wa familia anatafutwa ili atoe damu, kwa kuwa benki ya damu mara nyingi huwa imeishiwa katika msimu wa mvua, wakati ambapo wodi ya watoto imejaa hadi wawili wawili kitandani. Wapo wanaopona wakabaki na kifafa au ugumu wa kujifunza. Mwaka 2023 malaria iliua watu wanaokadiriwa kufika 597,000 duniani. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, na takriban robo tatu ya waliofariki katika kanda hiyo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Sasa, kwa nini kinga hii haifikii ya surua? Wanafunzi wako watalifurahia jibu hili, kwa maana ni somo la baiolojia lenyewe. Kirusi cha surua kina jeni chache mno, ilhali kimelea cha malaria aina ya *Plasmodium falciparum* kina jeni zaidi ya 5,000, na hubadilisha umbo na mavazi yake kila kinapohama kutoka kiungo kimoja cha mwili hadi kingine. Mbu jike anapouma huingiza vimelea vichache, navyo hukimbilia ini kwa haraka sana. Chanjo hizi hufundisha mwili kuitambua protini iliyofunika kimelea katika safari hiyo fupi tu. Kikinaswa kabla ya kuingia kwenye seli ya ini, ugonjwa hautokei. Lakini kimoja tu kikipenya, baada ya takriban wiki moja seli hiyo hupasuka na kumwaga maelfu ya vimelea vipya katika damu, nao wamevaa protini nyingine ambayo chanjo haikuifundisha kamwe. Kufaulu hata kwa sehemu dhidi ya adui wa namna hiyo kulichukua zaidi ya miaka 30 ya utafiti, kwani kazi ya kuitengeneza RTS,S ilianza mwaka 1987.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote, hata hivyo, haukutoka kwenye majaribio hayo. Kuanzia mwaka 2019, Malawi, Ghana na Kenya ziliingiza chanjo hii katika kliniki zao za kawaida, kwa mikono ya wauguzi walewale wanaotoa chanjo nyingine, katika baadhi ya maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu huku mengine yakisubiri. Huko hapakuwa na watafiti wa kumfuata kila mtoto nyumbani. Si watoto wote waliochanjwa, na wengi hawakumaliza dozi. Pamoja na kasoro zote hizo, baada ya miezi 46 vifo vya watoto waliokuwa na umri wa kustahiki chanjo, ukiondoa vile vya ajali, vilikuwa vimepungua kwa asilimia 13 katika maeneo yenye chanjo. Hesabu hiyo inajumlisha vifo vinavyotokana na maradhi yote, si malaria peke yake, na inawajumuisha hata watoto ambao hawakuchanjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa kila watoto 200 wanaochanjwa, uhai wa mmoja unaokolewa. Waambie wanafunzi wako wahesabu watoto waliozaliwa kata yao mwaka huu, kisha wagawanye kwa 200.

Chanjo ya pili, iitwayo R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na Serum Institute ya India, ilipendekezwa na Shirika hilo mwezi Oktoba 2023, miaka miwili baada ya ile ya kwanza. Ilijaribiwa kwa watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, Kilifi na Bagamoyo zikiwa miongoni mwa vituo. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 75 mahali ambapo ugonjwa huja kwa msimu na sindano zilitolewa kabla ya mvua, na kwa asilimia 68 mahali ambapo ugonjwa haukatiki mwaka mzima. Nawasihi wasomaji wasilinganishe 75 na 36 wakadhani moja ni bora mara mbili. Takwimu moja ni ya mwaka mmoja, nyingine ni ya miaka minne, na chanjo hizi mbili hazikushindanishwa ana kwa ana katika jaribio moja.

Faida kubwa kabisa imeonekana pale chanjo ilipounganishwa na silaha nyingine kwa mpangilio mzuri. Katika nchi za ukanda wa Saheli, ambako malaria hushambulia kwa miezi minne hivi ya mvua, watoto hupewa dawa za kinga kila mwezi wa msimu huo. Watafiti wa Burkina Faso na Mali walipowapa watoto chanjo ya RTS,S kabla ya mvua pamoja na dawa hizo, malaria kali iliyolaza watoto hospitalini ilipungua kwa takriban asilimia 70 na vifo vya malaria kwa takriban asilimia 73, vikilinganishwa na watoto waliopewa dawa peke yake.

Swali: Mhariri, nakusalimu. Ninamlea mjukuu wangu, ambaye amechanjwa sindano tatu za malaria. Daktari wa kliniki anasema bado kuna ya nne, lakini ni mbali na mtoto ana afya njema. Je, sindano tatu hazitoshi? – *Nyanya wa Siaya*

Jibu: Nyanya, salamu nyingi na hongera kwa kumfikisha hapo. Tafadhali mpeleke akapate ya nne. Wanasayansi wa Kilifi waliwafuatilia kwa miaka saba watoto waliopata dozi tatu za RTS,S bila ya nne, na matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kinga iliyoanza vizuri ilififia mwaka hadi mwaka, hata ukijumlisha miaka yote saba ilibaki asilimia 4.4 tu. Tena, miongoni mwa watoto walioishi palipo na mbu wengi zaidi, ilipofika mwaka wa tano waliochanjwa waliugua kuliko wasiochanjwa. Sababu inaeleweka: mtoto aliyekingwa mapema hukosa kidogo ile kinga ya asili ambayo mwenzake aliipata kwa kuugua, na chanjo ikiisha nguvu kabla hajakomaa, anabaki wazi. Dozi ya nne ndiyo inayoinua tena kingamwili wakati mtoto bado yuko katika umri wa hatari.

Naomba nisisitize jambo hili kwa wasomaji wote, kwani naamini hapa ndipo mpango mzima utakapofaulu au kuanguka. Mama wa Afrika Mashariki amezoea kwamba kliniki ya sindano inakwisha mtoto anapopata ya surua akiwa na miezi tisa. Baada ya hapo kijitabu cha mtoto kinawekwa sandukuni, mama anarudi shambani au kazini, na mtoto anayetembea na kucheza haonekani kuhitaji sindano. Katika Malawi, Ghana na Kenya, mahudhurio ya dozi ya nne yalikuwa chini kuliko ya dozi za mwanzo. Ghana iliyatafakari hayo ikahamisha dozi ya nne kutoka miezi 24 hadi miezi 18, ili iende pamoja na chanjo nyingine ambazo mzazi angekuja kuzifuata kwa vyovyote. Uganda, ilipozindua chanjo mwezi Aprili 2025 katika wilaya zaidi ya 100, iliipanga dozi ya nne kwenye miezi 18 tangu mwanzo. Huo ni uamuzi mdogo wa kalenda ambao, kwa maoni yangu, utaokoa watoto wengi kuliko mabango yote ya barabarani.

Ukimpeleka, Nyanya, nenda na kijitabu chake, na uulize siku ya chanjo kabla ya kufunga safari. Chanjo ya RTS,S huja katika vichupa viwili, kimoja cha unga na kimoja cha maji yake, ambavyo muuguzi huvichanganya papo hapo ili kupata dozi mbili, na kinachobaki hutupwa baada ya saa sita. Kwa hiyo katika zahanati yenye watoto wachache muuguzi anaweza kusita kukifungua kwa ajili ya mtoto mmoja, na ni vyema uwaambie mapema kwamba unakuja. R21 huja ikiwa maji tayari, na wauguzi wengi wataona hilo ni nafuu.

Swali: Ndugu Mhariri, kanisani kwetu kuna maneno kwamba chanjo hii inaua watoto wa kike na kwamba sisi Waafrika tunafanyiwa majaribio. Ni kweli? – *Baba wa mabinti wawili, Jinja*

Jibu: Ndugu, maneno hayo yana chanzo, na ni haki yako kukielezwa. Katika majaribio ya 2009 hadi 2014, uchambuzi ulionyesha mambo matatu yaliyotia wasiwasi kwa waliochanjwa: visa vya homa ya uti wa mgongo vilikuwa vingi zaidi, vivyo hivyo malaria ya kichwani, na vifo vya wasichana vilizidi vya wasichana wasiochanjwa. Kwa idadi ile ya watoto haikuwezekana kujua kama ilikuwa bahati mbaya ya hesabu au madhara ya kweli. Kwa sababu hiyo, badala ya kuisambaza chanjo moja kwa moja, Shirika la Afya Duniani lilitaka kwanza utolewaji wa majaribio katika Malawi, Ghana na Kenya, na mambo hayo matatu yakawa miongoni mwa yale yaliyofuatiliwa kwa jicho kali. Zaidi ya watoto milioni 2 walifikiwa, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililojitokeza tena. Wasichana walinufaika sawa na wavulana. Madhara yaliyothibitika ni maumivu mahali pa sindano, homa, na kwa nadra degedege la homa katika siku chache za mwanzo.

Kuhusu kufanyiwa majaribio, chanjo ya malaria haiwezi kupimwa mahali pasipo na malaria. Swali lenye uzito ni nani anayesimamia upimaji huo. Jaribio la kwanza lililoipa R21 sifa lilifanyika Nanoro, Burkina Faso, likiongozwa na Profesa Halidou Tinto, mwana wa nchi hiyo, na wanasayansi wa Kilifi na Bagamoyo wamekuwamo katika utafiti huu kwa miaka mingi. Nchi ya kwanza duniani kuiidhinisha R21 ilikuwa Ghana, mwezi Aprili 2023, kabla hata ya Shirika la Afya Duniani kutoa pendekezo lake.

Swali: Mtoto akishachanjwa, tunaweza kumpa mwingine chandarua? – *Msomaji, Bujumbura*

Jibu: Hapana, ndugu. Mtoto aliyechanjwa aendelee kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na akipata homa apimwe siku hiyohiyo. Chanjo hupunguza mara za kuugua, wala haizuii mbu kuuma. Cape Verde na Misri, zilizotangazwa kuwa huru na malaria mwaka 2024, zilifika huko kwa kupambana na mbu, kupima na kutibu kila mgonjwa, bila chanjo hata moja. Jambo la kutia moyo ni kwamba katika nchi tatu za mwanzo matumizi ya vyandarua hayakupungua kwa sababu ya chanjo, na watoto wengi wasiolala ndani ya chandarua walifikiwa na sindano, kwa maana mama asiye na chandarua bado huja kliniki.

Swali: Mhariri mpendwa, kwetu Kongo malaria ni ugonjwa wa kila siku, lakini chanjo ilianzia mkoa wa Kongo Central. Kwa nini isitolewe nchi nzima mara moja? Nani analipa? – *Papa wa watoto watano, Lubumbashi*

Jibu: Papa, swali lako linauma, kwa maana nchi yako ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa idadi ya wanaouawa na malaria, ikibeba zaidi ya asilimia 11 ya vifo vyote. Mwanzoni kikwazo kilikuwa uhaba wa chanjo yenyewe. Mwaka 2023 kulikuwa na dozi milioni 18 tu za kugawana nchi 12 hadi mwaka 2025, ilhali kila mtoto anahitaji nne. Cameroon, iliyokuwa ya kwanza nje ya zile tatu kuanza, tarehe 22 Januari 2024, nayo ilianza na baadhi ya wilaya. R21 imeliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, kwani mtengenezaji wake alisema anaweza kutoa dozi milioni 100 kwa mwaka, na bei iliyotajwa ilipoidhinishwa ilikuwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi, wakati RTS,S ilikuwa ikikaribia dola 10.

Sasa kikwazo ni fedha. Sehemu kubwa ya gharama hubebwa na Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na serikali husika huchangia kwa kadiri ya kipato chake. Kwa miaka ya 2026 hadi 2030 Gavi ilipanga bajeti ya dola bilioni 11.9. Katika mkutano wa Brussels wa Juni 2025 iliahidiwa zaidi ya bilioni 9, na Marekani, iliyokuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa, ilitangaza kusitisha mchango wake. Upungufu huo umekuja wakati vimelea vyenye usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, dawa kuu ya kutibu malaria, vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea, yaani wakati ambapo kumzuia mtoto asiugue kuna thamani kubwa kuliko zamani. Ni maoni yangu kwamba mabunge yetu yanapojadili bajeti ya afya, mstari wa chanjo ya malaria uandikwe kwa fedha za ndani na utetewe kama mshahara wa askari unavyotetewa, kwani mpango unaohitaji dozi ya nne miezi mingi baada ya ile ya tatu hauwezi kutegemea ahadi ya mwaka mmoja mmoja. Kliniki ikiishiwa chanjo kwa miezi sita, watoto waliokwisha kupata tatu wanaachwa katika hali ileile niliyomweleza Nyanya wa Siaya.

Swali: Assalaam aleikum. Watoto wangu wamezaliwa hapa Oman, na tunakuja Tanga kwa likizo kuwaona babu na bibi. Naweza kuwachanja malaria kabla ya safari? – *Mama, Muscat*

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Chanjo hizi hazipendekezwi kwa wasafiri. Zimekusudiwa watoto wadogo wanaoishi penye malaria mwaka baada ya mwaka, na ratiba yake ya dozi nne haiendani na likizo ya wiki chache. Hata hivyo umefanya vyema kuuliza, kwa sababu watoto wako wako katika hatari kuliko binamu zao wa Tanga, ambao miili yao imezoea vimelea kwa kiasi fulani. Uingereza, kwa mfano, wengi wa wanaougua malaria iliyotoka nje ni watu waliokwenda Afrika kuwaona jamaa zao, ambao mara nyingi hawakutumia dawa za kinga kwa kuamini kwamba nyumbani ni nyumbani.

Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari ili apange dawa za kinga kulingana na umri na uzito wa kila mtoto. Dawa hizo huanza kabla hamjaondoka na huendelea baada ya kurudi, na kuzikatiza mkishafika Muscat ni kosa linalofanywa na wengi. Walale ndani ya chandarua chenye dawa, wavae nguo za mikono mirefu kuanzia magharibi, na mtoto yeyote akipata homa mkiwa Tanga, au ndani ya miezi mitatu tangu mrudi, apimwe malaria siku hiyohiyo. Mkiwa Oman itabidi umwambie daktari mwenyewe kwamba mmetoka Tanga, kwa sababu huenda malaria isiwe ugonjwa wa kwanza atakaoufikiria.